Mguu Uachiwe Lini: Mhadhara kwa Mafundi wa Kwato, Masaisi na Wenye Farasi



Swali mliloniletea ni fupi. Farasi anapokataa kuvishwa viatu, akavuta mguu, akamlalia fundi kwa uzito wake wote, akapiga teke au akauma, fundi amtie adabu vipi? Nitatoa jibu langu sasa hivi, ili asiyekubaliana nami awe na muda wa kujiandaa. Fundi ana chombo kimoja cha nidhamu chenye nguvu kuliko vyote vilivyomo kwenye sanduku lake, nacho ni hiki: yeye ndiye anayeamua mguu uachiwe lini. Mguu ukiachiwa wakati farasi ametulia, farasi amefundishwa utulivu. Ukiachiwa wakati anapambana, amefundishwa mapambano. Kipigo hakimo kwenye hesabu hiyo, na nitaeleza kwa nini naona hakifai hata pale ambapo fundi ana kila sababu ya kukasirika.

Maana sababu anazo. Farasi wa kupandwa ana kilo 450 hadi 500 hivi. Fundi huinama chini ya bega la mnyama huyo, mgongo wake umeelekea kichwani kwa farasi, na mguu wa mbele ameubana katikati ya magoti. Wa nyuma anaulaza juu ya paja. Hapo alipo hawezi kuyaona masikio ya farasi, na masikio ndiyo yanayotangulia kutoa habari. Mkononi ana kisu kikali au koleo. Farasi akiruka, fundi hana pa kukimbilia. Kwa hiyo anayetoka chini ya tumbo la farasi akitetemeka na kufoka, mimi simlaumu kwa kufoka. Ninachotaka tukizungumze ni kile anachokifanya dakika inayofuata.

Tumtazame farasi pia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, na kwa hayo huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Ni mnyama aliyeumbwa aokoke kwa mbio. Tunapoushika mguu wake mmoja tunamnyang'anya mbio hizo, halafu tunamtaka asimame kwa mitatu huku mtu amejificha mahali ambapo jicho halimfikii vizuri, anagonga, anakata, na wakati mwingine anamchomea kiatu cha moto hadi moshi wa pembe iliyoungua unamfunika. Kwamba farasi wengi hukubali haya yote bila ugomvi ni jambo la kushangaza, na ni sifa kubwa kwa waliowafundisha.

Sasa nije kwenye msumari, kwa sababu hapo ndipo nidhamu na ufundi hukutana. Msumari wa kiatu cha farasi umechongwa ncha yake kwa upande mmoja, ili ukigongwa ujipinde kuelekea nje na kutokeza kwenye ukuta wa ukwato, kiasi cha theluthi moja ya kimo chake kutoka chini. Njia yake ni nyembamba. Ukigeuza unyayo utaona mstari mweupe. Nje ya mstari huo kuna pembe ngumu isiyo na hisia. Ndani yake kuna nyama hai, yenye damu na neva. Fundi mzoefu husikiliza nyundo yake: msumari ukipita kwenye pembe nzuri, sauti ni kali na kila pigo linakutana na ukinzani. Ukikosea njia na kuelekea ndani, unazama kirahisi na sauti inakuwa ya kufifia. Ncha ikishatokeza nje, fundi huinyonga na kuikata papo hapo kwa makucha ya nyundo kabla ya kuugusa msumari mwingine, kwani farasi akiuvuta mguu wakati ule, ncha ile inaweza kulipasua paja la fundi.

Chukueni farasi aliyesimama kimya kwa misumari mitatu, kisha akashtuka kwenye wa nne. Nimeona watu wakimgonga ubavuni kwa tupa hapo hapo, kwa sauti ya "simama!" Lakini farasi yule ametoa taarifa ambayo fundi hawezi kuipata kwa njia nyingine yoyote. Kinachotakiwa ni kuung'oa msumari, kuitazama ncha kama ina unyevu au damu, na kulichunguza tundu. Msumari ulioikaribia nyama bila kuitoboa hautatoa damu hata kidogo. Utaibana tu, na siku moja au mbili baadaye farasi anachechemea, mwenye farasi anapiga simu, na fundi anasema hajui kimetokea nini. Aliambiwa, akamjibu msema kweli kwa tupa.

Maumivu, basi, ndiyo ya kutafutwa kwanza, na mengi hayako kwenye mguu ulioshikwa. Kuna ugonjwa wa kwato unaoitwa laminaitisi, ambapo tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato huvimba na kudhoofika. Mara nyingi hushika kwato zote mbili za mbele. Ukiinua wa kulia, uzito wote wa mbele unahamia wa kushoto, na wa kushoto unaungua kwa maumivu. Farasi atauvuta mguu wake wa kulia kwa nguvu zake zote ili auweke chini. Mtu asiyejua ataandika kwenye daftari kwamba farasi ni mkaidi wa mguu wa kulia, kumbe anayelalamika ni wa kushoto. Farasi mzee mwenye baridi yabisi kwenye kifundo cha mguu wa nyuma naye hukunja mguu huo kwa taabu; ukiuinua juu kama unavyomwinulia farasi wa miaka mitano, atakupokonya. Na hata aliye mzima kabisa, mguu wake wa nyuma umeumbwa kwenda mbele na nyuma. Kwenda kando una mpaka mfupi. Fundi mrefu anayeshughulika na farasi mfupi huuvuta mguu nje na juu ili yeye mwenyewe apumzishe mgongo, halafu anashangaa kwamba farasi anamwegemea. Farasi anatafuta mizani yake tu. Shusha mguu sentimita kumi na tano, uingize chini ya mwili wake, na mara nyingi ugomvi umekwisha.

Niongeze na nzi. Naliona ni jambo dogo linaloleta vipigo vingi. Farasi anayerusha mguu wa nyuma kuelekea tumboni mwake saa sita mchana anafukuza nzi. Msogeze kivulini, mpake dawa ya kufukuza wadudu kabla ya kuanza, na mruhusu mwenzake wa zizini asimame karibu ili asijione ameachwa peke yake.

Baada ya maumivu kuna hofu, na juu ya hofu watu wa kale walisema vizuri. Xenophon wa Athens, mwanajeshi aliyeandika kitabu juu ya farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliishi wakati ambapo Wagiriki hawakuwa wakipigilia farasi viatu kwa misumari. Alihangaikia kwato hata hivyo, na alitaka farasi wasimamishwe juu ya mawe ya mviringo ili ziwe ngumu. Alionya kwamba mtu asimwendee farasi kwa hasira. Alieleza pia kwamba ukimpiga farasi anapoogopa kitu, yeye hudhani maumivu yametoka kwenye kitu hicho, na hofu yake huongezeka. Sijaona mtu aliyeipinga hoja hiyo kwa mafanikio hadi leo. Farasi anayechapwa kwa kuogopa nyundo anapata ushahidi kwamba nyundo inauma. Anayechapwa kwa kumwogopa fundi anajua sasa kwamba alikuwa sahihi.

Lakini kuna farasi ambaye haumwi wala haogopi. Huyu ndiye anayewachosha mafundi kuliko wote, na ndiye anayeitwa mtundu. Amejifunza kwa uzoefu wake kwamba mguu ukivutwa mara mbili kwa nguvu unaachiwa. Hakuna aliyekusudia kumfundisha. Saisi mmoja alichoka, fundi mwingine aliogopa, mtoto wa mwenye farasi aliuangusha mguu chini kwa kishindo, na somo likakamilika. Ukimpiga baada ya kukupokonya mguu, umechelewa: mguu uko chini, alichokitaka amekipata, na pigo linamkuta amesimama kwa miguu minne kama mlivyomfundisha asimame. Farasi huunganisha tendo na matokeo yake kwa muda wa sekunde moja hivi. Fundi anayesimama, akaweka tupa chini, akazunguka mbele, akashika kamba na kuanza kumtingisha kichwa, anamwadhibu kwa kosa ambalo farasi hana tena njia ya kulijua.

Kinachofanya kazi ni kigumu kwa subira lakini chepesi kwa nguvu. Shika mguu chini, karibu na ardhi, bila kuubana. Akiuvuta, usishindane naye kwa kuvuta, kwa sababu huwezi kushinda. Mikono na ifuate mguu unakokwenda, ukiendelea kuushika, hadi ulegee. Mara tu ulegeapo, hata kwa sekunde mbili, urudishe chini taratibu kwa mkono wako, usiuangushe. Pumua, mpapase shingo, uinue tena. Sekunde mbili zitakuwa tano, na tano zitakuwa nusu dakika. Ikiwa ana nguvu zaidi yako na kuna hatari, uachie, maana paja lako lina thamani kuliko somo, lakini uushike tena papo hapo na safari hii uombe kidogo kuliko mwanzo, kiasi ambacho una hakika utakipata. Ushindi wa fundi ni mguu kwenda chini kwa hiari ya fundi. Hata uwe mdogo kiasi gani, unahesabika.

Mtaniuliza kuhusu anayeuma. Hapa sitasema kwamba farasi ana haki ya kumng'ata mtu mgongoni. Hata hivyo kichwa ni kazi ya saisi, si ya fundi aliyeinama. Saisi asimame upande uleule aliko fundi, ili hatari ikitokea, akivuta kichwa upande wake, makalio ya farasi yazunguke kwenda mbali na fundi. Asimchezee farasi pua wala kumnyooshea mkono mtupu mdomoni, na simu ikae mfukoni. Farasi akigeuza kichwa na meno wazi, sauti moja kali wakati uleule, hatua mbili za kurudi nyuma, kisha kazi iendelee kama vile hakuna lililotokea. Onyo likichelewa, lisitolewe kabisa. Na likishatolewa lisirudiwe, kwa sababu la pili huwa ni la hasira ya mtu.

Masaisi, nyinyi mnasomwa na farasi kuliko mnavyodhani. Huko Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans ambaye watu waliamini anajua hesabu, kwani aligonga ukwato chini hadi kwenye jibu sahihi. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa akisoma mijongeo midogo mno ya mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anaifanya. Mnyama mwenye uwezo wa kuona hivyo ataona bega lako lilivyokaza na pumzi uliyoizuia unaposubiri arushe teke.

Tunayo pia historia ya kuwashinda farasi bila kuwachapa, na haina haki ya kuachwa bila kuhojiwa. John Solomon Rarey, Mmarekani kutoka Ohio, alipata umaarufu mkubwa Uingereza mwaka 1858 kwa kuwatuliza farasi walioshindikana, na alionyesha kazi yake mbele ya Malkia Victoria. Farasi wake maarufu zaidi, dume lililoitwa Cruiser, lilikuwa limefungwa mdomo kwa chuma kwa sababu ya ukali. Rarey hakutumia mjeledi. Aliufunga mguu mmoja wa mbele ukiwa umekunjwa, kisha akamchosha farasi kwa kamba hadi alale chini, akampapasa mwili mzima akiwa hapo chini. Aliyekuwa akisema kwamba farasi apendwe badala ya kupigwa alisema neno jema katika wakati uliozoea mjeledi, nami namheshimu kwa hilo. Lakini farasi aliyelazwa chini hadi akakata tamaa hajakubali. Ameacha tu kujitetea, kwa kuwa ameona kujitetea hakufai. Bado wako mafundi wanaofunga mguu wa nyuma kwa kamba hadi shingoni na kuita utulivu unaopatikana nidhamu. Kamba ile ikimkuta farasi mwenye hofu ya kweli, yeye huanguka nayo, na mfupa wa farasi ukivunjika mara chache hupona.

Kuna kifaa kingine mnachokijua wote: kitanzi cha kamba kwenye mpini, kinachosokotwa juu ya mdomo wa juu wa farasi. Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu ushahidi hauelekei upande mmoja. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 1984 matokeo yanayoonyesha kwamba kitanzi hicho huufanya mwili wa farasi utoe endofini, kemikali zake wenyewe za kupunguza maumivu. Utafiti mwingine uliotoka 2017 ulikuta kwamba mapigo ya moyo hushuka katika dakika tano za mwanzo, kisha huanza kupanda. Kusokota sikio, kwa upande wake, kulipandisha mapigo tangu mwanzo. Kwa maoni yangu, kitanzi cha mdomo kinaweza kukubalika kwa dharura ya dakika chache, kama kumalizia misumari miwili ya kiatu kinachoning'inia, mikononi mwa mtu anayejua. Kuvisha viatu vinne huchukua saa nzima na zaidi. Kwa kazi hiyo kitanzi hakifai, na sikio lisiguswe kamwe. Farasi aliyesokotwa sikio hukataa hata kuvikwa hatamu miezi mingi baadaye.

Palipo na hofu kubwa au maumivu yasiyoepukika, mwiteni daktari wa mifugo atoe dawa ya kutuliza. Ipo ya sindano, na ipo ya kuwekwa chini ya ulimi, ambayo huhitaji kama dakika 40 kabla ya kufanya kazi. Fundi asiitoe mwenyewe kwa kukisia. Na aliyelewa dawa bado anaweza kurusha teke kali bila onyo, kwa hiyo mkae palepale salama mnapokaa siku zote.

Sheria imelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Sheria ya Uingereza ya 1911 ya kulinda wanyama iliweka pamoja kumpiga mnyama kikatili, kumkasirisha na kumtisha, na Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, imefuata njia hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Mwaka 1975 Uingereza ilikwenda mbali zaidi ikawasajili mafundi wa kwato kwa sheria, na lengo la kwanza lililotajwa ni kuwaepusha farasi na mateso yatokanayo na kuvishwa viatu na wasio na ujuzi. Ufundi wenyewe ulitufikia nyanda za juu za Kenya pamoja na farasi wa mbio na wa polo, na masaisi wa Ngong na Gilgil walijifunza mazuri na mabaya ya mazizi ya Waingereza kwa pamoja. Mabaya hayana umri unaoyapa heshima.

Sasa wenye farasi, zamu yenu. Ukwato hukua takriban milimita nane au tisa kwa mwezi, kwa hiyo fundi huja kila wiki sita hadi nane, yaani mara saba au nane kwa mwaka. Saisi huinua kwato zote nne kila siku kuzisafisha. Nani basi mwalimu wa farasi huyu? Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa farasi aguswe miguu tangu wiki zake za mwanzo, ainuliwe kwato kwa sekunde chache, agongwe taratibu kwa kiganja mahali ambapo nyundo itakuja kugonga, azoee kuona mguu wake ukiwekwa mbele juu ya goti la mtu. Ukimleta farasi wa miaka mitatu ambaye hajawahi kushikwa mguu na kumtaka fundi amvishe kabla ya mbio za Jumapili, unamwomba fundi afanye kazi ya miaka mitatu kwa saa moja, na unamlipa kwa viatu tu. Kipigo kinachofuata kimeandaliwa nawe.

Kwa hiyo namtetea fundi anayekataa. Wengi wanaogopa kukataa kwa sababu watapoteza mteja, na mwenye farasi atamtafuta mwingine mwenye mkono mzito. Nawaomba mkatae hata hivyo, kwa utaratibu. Kama viatu viwili vya mbele vimeingia na farasi ameishiwa na subira, punguzeni kwato mbili zilizobaki, lainisheni makali kwa tupa, mwacheni akiwa na viatu vya mbele tu. Farasi wengi hufanya kazi nyepesi hivyo bila shida. Kama hata hilo haliwezekani, ng'oa msumari wowote ulioingia nusu, hakikisha hakuna kiatu kinachoning'inia. Mwambie mwenye farasi, mbele ya saisi, ni mguu gani uliokataa, kwa kimo gani, na kwenye hatua gani ya kazi: kuinua, kukata, kukwangua, kuchoma au kugonga. Habari hiyo mpelekee na daktari wa mifugo kama kuna shaka ya maumivu. Mpangie saisi zoezi la kila siku la mguu huo kwa dakika tano, asubuhi na jioni, na lipisha muda wako wa kuelekeza kama unavyolipisha kiatu, kwa kuwa ni kazi. Kisha rudi baada ya wiki mbili, uanze na mguu uliokubali.